Mgonjwa Anapoulizwa Uji

Tiketi alinikatia mdogo wangu mwenyewe, Nairobi hadi Dallas kupitia Doha, na katika ujumbe wake wote hakutaja ugonjwa. Alisema watoto wanataka kumwona shangazi yao kabla Kiswahili hakijawatoka. Aliyenieleza jambo lenyewe ni wifi, kwa simu ya usiku: barua imekuja, mumewe anatakiwa kwenda kupimwa upya kwa ajili ya fidia yake ya jeshi, na yeye siku hiyo hana ruhusa kazini. "Mpeleke wewe, wifi," alisema. "Mimi nikiingia naye hunikata jicho moja tu, nanyamaza."

Nilikuwa nimestaafu ukarani wa mahakama, Voi, na bahari sikuwahi kuivuka. Safari yangu ndefu hadi wakati huo ilikuwa ya basi, Mombasa hadi Kampala, kwenye harusi. Habari za ndege sitazisimulia. Wasimulizi wake ni wengi. Nianzie uwanja wa Dallas Fort Worth, Machi 2025, mlango wa vioo ulipofunguka nikamwona mdogo wangu amesimama. Alinikumbatia kwa vigasha. Viganja vyake vilibaki hewani nyuma ya mgongo wangu, havikunigusa. Begi langu alilikumbatia kifuani, akalipachika kwenye ukingo wa buti ya gari, kisha akalisukumia ndani kwa goti. Huyu ndiye aliyekuwa akiburuta mkokoteni wa maji pale stesheni ya Voi kila likizo ya shule.

Tulishika barabara namba 35 kuelekea kusini. Texas ni bapa na pana, na mwezi huo kando ya barabara huchanua maua ya buluu ambayo watu husimamisha magari kuyapiga picha. Tulipofika Waco, mto Brazos ukiwa chini yetu, alielekeza kidevu upande wa mjini. "Faili langu lilianzia hapo," alisema. Waco ina ofisi ya kanda ya Wizara ya Masuala ya Maveterani, ambayo kule kila mtu huiita VA. Siku hizi mafaili ni ya kompyuta, na lake laweza kufunguliwa na ofisa wa jimbo lolote asiyemjua wala hatamwona kamwe. Hilo nililiweka akilini. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kutunza karatasi ambazo hakimu angezisoma bila kuijua nyumba zilikotoka.

Alivyofika kuvaa gwanda la Marekani ni hadithi inayotuhusu wenye lugha hii. Alikwenda kusoma. Mwaka 2009 jeshi la kule lilianza kuandikisha wageni wenye ujuzi lilioutaka, wakiwemo madaktari na watu wa lugha fulani fulani, na kuwapa uraia kwa njia ya haraka. Mpango uliitwa MAVNI, na Kiswahili kilikuwamo katika orodha. Ulisitishwa mwaka 2016, lakini yeye alikuwa ameshaingia. Kiswahili chake hakuna aliyekiulizia. Walimpeleka Afghanistan, kambi ya Bagram, akahesabu matairi na vipuri, usiku akivuta moshi wa mashimo ambamo jeshi lilichoma kila aina ya taka, plastiki na vyuma na dawa.

Moshi huo ndio kitu cha kwanza nilichomwuliza, kwa kuwa habari zake nilizisikia redioni. Agosti 2022 Rais Joe Biden alitia sahihi sheria iitwayo PACT, inayosema kwamba aliyetumikia sehemu zile akipata ugonjwa ulio katika orodha, hadaiwi ushahidi kwamba ni moshi uliomletea. Kuna saratani nyingi katika orodha hiyo, kuna pumu, kuna magonjwa ya mapafu. Baridi yabisi ya mdogo wangu haimo.

Nayo si ile ya wazee wanaosikia magoti mvua ikikaribia. Ni ile ambayo kinga ya mwili humgeukia mwenyewe na kuushambulia utando unaolainisha viungo. Huanzia mara nyingi kwenye vidole, mikono yote miwili kwa pamoja, asubuhi ikiwa mibaya kuliko jioni. Isipotibiwa hula mfupa na kupinda vidole. Huwapata zaidi wanawake. Mdogo wangu alidhani ni matairi.

Killeen, anakokaa mdogo wangu, ni mji unaoishi kwa kambi ya jeshi. Kambi yenyewe ilikuwa Fort Hood, mwaka 2023 ikaitwa Fort Cavazos, na baada ya mimi kuondoka ikarudishiwa jina la Hood, safari hii kwa heshima ya Hood mwingine. Wenyeji hawakuwahi kuacha kuiita Hood. Usiku wa pili, watoto walipolala, wifi alileta kasha la viatu juu ya meza ya jikoni. Ndani yake mlikuwa na faili.

Nilijisikia nipo ofisini. Mtu anayedai fidia ya ulemavu VA huthibitisha mambo matatu: kwamba ugonjwa upo sasa, kwamba kuna jambo lililotokea akiwa jeshini, na kwamba viwili hivyo vina uhusiano. Kilichonishangaza ni mizani. Kwetu, kesi ya madai ikiwa na uzito sawa pande zote mbili, aliyeshtaki ameshindwa, kwa kuwa mzigo wa kuthibitisha ni wake. VA hugeuza: mizani ikisimama sawasawa, shaka hiyo ni ya askari na anashinda yeye. Nilisoma kifungu hicho nikakirudia. Kama karani, nilikipenda. Nilijiuliza tu ni nani anayeishika hiyo mizani, na je, ameshiba au ana njaa.

Katika kumbukumbu zake zote za matibabu ya jeshini, miaka na miaka, kulikuwa na mstari mmoja wa maana. Mwaka 2018 alikwenda zahanati ya kikosi, wakaandika kwamba vidole vimevimba pande zote mbili, vinakakamaa asubuhi, wiki tatu sasa. Akapewa ibuprofeni ya miligramu 800, dawa ambayo askari wa kule huitania kwamba hutolewa kwa kila kitu, tangu mguu uliovunjika hadi moyo. Hakurudi tena. "Ungerudi ungeonekana unakwepa kazi," alisema. Alitoka jeshini mwaka uliofuata, na kabla ya mwaka kwisha daktari wa viungo alimpima damu na kuupa ugonjwa jina lake. Huo mwaka mmoja ndio uliomwokoa. Ugonjwa wa viungo umo katika orodha nyingine, ya maradhi sugu: ukijitokeza ndani ya mwaka mmoja tangu kuachiliwa, kwa kiwango kisichopungua asilimia 10, huhesabiwa kuwa ulianzia kazini. Kwa mstari ule wa zahanati na ile tarehe ya maabara, walimkubalia. Wakampa asilimia 20.

Viwango vyenyewe viko katika kanuni namba 5002, na vimeandikwa kwa lugha kavu. Ugonjwa ukiamka mara moja au mbili kwa mwaka, ni 20. Ukiamka na kumlaza mtu mara tatu au zaidi, au afya yake ikionekana wazi kudhoofika, ni 40. Ukimlaza vibaya mara nne au zaidi, au ukimkondesha na kumpunguzia damu hadi afya kuharibika sana, ni 60. Mia ni ya yule asiyejiweza kabisa. Au wapime kila kiungo kimeganda kiasi gani na kujumlisha. Njia mbili hizo hazichanganywi, anapewa iliyo na kiwango cha juu.

Kisha kuna hesabu yao ya kujumlisha, ambayo ilinifanya niombe kalamu. Mdogo wangu ana pia asilimia 10 ya masikio yanayovuma. Ishirini na kumi, kwa mtu wa sokoni, ni thelathini. VA huanza na mtu mzima wa mia, wakamtoa ishirini, akabaki themanini. Kumi hukatwa katika hiyo themanini, yaani nane. Jumla 28, ikasogezwa hadi 30. Hapa alibahatika. Lakini tukaendelea: viungo vikipanda hadi 40, pamoja na masikio ni 46, inasogezwa hadi 50. Vikipanda hadi 60, pamoja na masikio ni 64, inashushwa hadi 60, na masikio yanakuwa yamevuma bure. Kwa mwaka 2025, askari asiye na wategemezi alilipwa dola 537.42 kwa mwezi akiwa na 30, dola 1,102.04 akiwa na 50, na dola 1,395.93 akiwa na 60. Fedha hizo hazikatwi kodi. Kuanzia 30 mke na watoto huongezewa kitu.

"Sasa mwaka jana umeamka mara ngapi?" nilimwuliza.

"Mara mbili. Tatu."

Wifi aliinuka bila neno akachomoa daftari la shule nyuma ya birika la umeme. Alikuwa ameandika kila kitu, tarehe na siku alizoshindwa kwenda kazini ghalani, siku aliyolishwa na mwanawe, siku aliyolala kwenye kiti kwa kuwa hakuweza kujigeuza kitandani. Mwaka jana ugonjwa ulimwangusha mara tano. "Mficha maradhi kifo humwumbua," alisema wifi, akarudisha birika mahali pake.

Tatizo ni kwamba kliniki ilijua mara mbili tu. Mdogo wangu hutumia metotreksati mara moja kwa wiki, na ugonjwa ukiamka daktari humwandikia prednisoni ya siku chache kuuzima. Kila pakiti ya prednisoni inayotoka duka la dawa la hospitali ni tarehe ndani ya faili, ni shahidi asiyeweza kusahau. Yeye alikuwa akibakiza vidonge. Ukiamka tena anameza masalio, hapigi simu, hasumbui mtu. Alijiona mwungwana. Kwa jicho la karani, alikuwa anachana ushahidi wake mwenyewe na kuumeza kwa maji.

Siku ya kupimwa niliamka alfajiri nikamkuta jikoni, mikono yake imezama kwenye sinki la maji ya moto, kimya. Alikaa hivyo hadi maji yakapoa, akafungulia mengine. Bomba alilifungua kwa kiwiko. Kisha mwanawe, kijana wa miaka kumi na tatu, akaja akamfunga vifungo vya shati kuanzia chini kwenda juu, huku wote wawili wakitazama saa ya ukutani na kuzungumzia mpira. Ilionekana ni kazi ya kila siku. Viatu vyake havina kamba. Hukamatana kwa utepe wa kunata.

Temple ni mwendo wa nusu saa hivi. VA ina hospitali kubwa pale, nasi tukaipita. Vipimo vingi vya fidia sasa hufanywa na kampuni za kandarasi, na barua ilitupeleka kwenye chumba cha kukodi kati ya duka la magodoro na daktari wa meno. Njiani aliniambia serikali humrudishia nauli, senti 41.5 kwa kila maili. Alilisema kwa fahari kidogo, kana kwamba serikali ni jamaa yake anayekumbuka nauli.

Mama aliyempima hakuwa daktari wa kumtibu, na wala si yeye anayekata asilimia. Kazi yake ni kuona, kupima na kujaza fomu. Asilimia hukatwa na mtu mwingine anayesoma fomu hiyo mbali huko. Yule mama aliniruhusu kuketi pembeni kwa sharti kwamba sitajibu kwa niaba ya mdogo wangu. Akamwuliza anaendeleaje leo.

"Mzima," alisema mdogo wangu kwa Kiingereza chake kizuri. "Siwezi kulalamika."

Kalamu ikaandika. Kwetu mgonjwa haulizwi uji, unapika, unamwekea. Kule huulizwa, na akisema hana njaa huandikwa hivyo.

Yule mama alichukua rula mbili za plastiki zilizounganishwa kwa msumari mdogo, akaziweka kwenye kifundo cha mkono, akasoma nyuzi. Akamwambia akunje ngumi. Vidole vilishuka, vikasimama njiani. Yule mama akachomeka rula kati ya ncha ya kidole na mstari wa kiganja: zaidi ya sentimita mbili na nusu, kipimo ambacho kanuni zao hukihesabu. Fanya tena, akasema, na tena. Mara ya tatu nafasi ilikuwa imeongezeka, na shavu la mdogo wangu likawa linacheza. Ugonjwa huamka mara ngapi? Mara mbili, tatu. Daftari la wifi lilikuwa mkobani chini ya mkono wangu. Nilikohoa. Hakugeuka.

Ndipo yule mama akamwambia avue shati. Mdogo wangu akaweka kidole kwenye kifungo cha juu, akakisukuma, kikakataa, akakisukuma tena. Chumba kikanyamaza muda mrefu. Yule mama hakumsaidia, nami nikamchukia kwa kitambo hicho, hadi alipouliza polepole: "Na asubuhi nani alikufunga?"

Alichelewa kujibu. "Mwanangu," akasema.

"Kila siku?"

"Siku nyingi."

Kuanzia hapo mambo yalimtoka. Kijiko alichokifunga mpira wa povu ili ashike. Mlango wa bafu ambao hakuna ruhusa ya kuufunga kwa ndani. Usiku wa kiti. Aliyasema akitazama sakafu, sauti moja, nami ndugu yake wa damu nilikuwa nikiyasikia mengine kwa mara ya kwanza. Daftari yule mama hakuruhusiwa kulipokea, alisema lipelekwe VA lenyewe; lakini alilifungua, akasoma, akanakili tarehe.

Tulipotoka tulikula kwenye mkahawa wa barabarani, yeye akishika mkate kwa viganja viwili. Akamkumbuka babu. Babu yetu alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni, alipigana Burma dhidi ya Wajapani, akarudi na goti lisilokunjika. Waingereza waliwalipa askari wao wa Afrika Mashariki viinua mgongo kwa kufuata rangi, Mweupe akipata zaidi ya Mwafrika wa cheo kilekile. Goti la babu halikupimwa na mtu. "Alilalamika?" aliniuliza. Nilimwambia kila siku, hadi bibi akawa anahamia kwa jirani. Alicheka hadi akaweka mkate chini. Sisi wajukuu tulimjua mzee mkimya kwa sababu tulimkuta ameshazeeka.

Nilikuwa na kazi moja kabla ya kurudi. VA hupokea maelezo ya shahidi asiye daktari, kwa fomu namba 21-10210, na shahidi huapa kwamba asemayo ni kweli. Niliandika niliyoyaona kwa macho yangu tu: sinki, vifungo, kiwiko kwenye bomba, begi na goti. Wifi alitaka niandike kwamba ana maumivu makali. Nilikataa. Maumivu yake mimi sikuyaona, nayo ni ya kusemwa na yeye. Mwenye kusoma ataamini kifungo kabla ya kuamini sifa. Ofisa wa kaunti anayewasaidia maveterani alitupitishia karatasi zote bila malipo. Nataja hili kwa sababu wiki hiyohiyo kulipigwa simu na kampuni iliyoahidi kumfikisha mia kwa ada ya maelfu ya dola. Sheria ya kule hairuhusu mtu kutoza fedha kwa kuandaa dai la kwanza, na anayewakilisha lazima awe ameidhinishwa na VA. Simu zinapigwa hata hivyo, na wapo wanaolipa.

Uamuzi ulinikuta Voi, picha ya barua kwenye WhatsApp, imepigwa upande. Asilimia 40 kwa viungo. Pamoja na masikio, 50. Fidia ilihesabiwa tangu siku aliyotuma fomu ya kueleza nia ya kudai, ambayo hushikilia tarehe kwa mwaka mmoja. Maelezo yangu yalitajwa kwa mstari. Daftari lilitajwa pia, likifuatiwa na sentensi niliyoitarajia: kwamba kumbukumbu za matibabu zinaonyesha ugonjwa kuamka mara chache kuliko inavyodaiwa.

Alikuwa na mwaka mmoja wa kuamua. Aliweza kuomba ofisa wa juu alisome faili lilelile upya, au alete ushahidi mpya, au aende kwenye bodi ya rufaa. Yeye alisema yatosha, ameridhika, wapo wasiopata hata kumi. Wifi alisema hajaridhika yeye. Tulibishana kwenye kundi la familia hadi kijana akatuuliza kama tunajua ni saa ngapi kwao. Mwishoni mdogo wangu alikubali njia ya ushahidi mpya, kwa barua ya daktari wake wa viungo, na wifi akaongeza sharti ambalo mumewe alilijibu kwa kidole gumba tu: vidonge vyote vilivyobaki vikabidhiwe duka la dawa, na ugonjwa ukiamka tena, simu ya kliniki atapiga yeye wifi.